Tahadhari: GL-5 inauzwa kama GL-4 hapa Lubumbashi

Kwa wenye magari ya zamani na mafundi wanaoyatunza hapa Lubumbashi: kuna muuzaji anayepita kwenye gereji za komuni za Kenya na Katuba hapa mjini akiwa na bidoni za mafuta ya giaboksi zilizobandikwa karatasi ya GL-4, ilhali mafuta yaliyomo ni GL-5 (GL-4 na GL-5 ni madaraja mawili tofauti ya mafuta ya gia). Bidoni niliyouziwa mimi kwa ajili ya Volkswagen Coccinelle niliipangusa kwa kitambaa chenye petroli kabla ya kuifungua, karatasi ya juu ikabanduka, na chini yake yakaonekana maandishi ya kiwandani: 85W-140, GL-5. Nimekwisha kuona bidoni nyingine za namna hiyohiyo mikononi mwa mafundi wawili wasiofahamiana, kwa hiyo sidhani kama ni bahati mbaya ya bidoni moja.

Nilipomfuata muuzaji hakukana. Alinijibu kwa upole kabisa, «Papa, ya tano inapita ya ine, utaweka mu bwate na mu ponti, utasahau.» (Bwate ni giaboksi, ponti ni difu, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu.) Maneno hayo yanawaingia wengi kwa sababu yanasikika kama yana akili, na ndiyo maana nayaeleza kwa kirefu.

Tarakimu za GL si vidato vya shule ambavyo wa tano amempita wa nne. GL-5 ilikusudiwa hasa difu za aina ya haipoidi, ambamo meno husuguana kwa kuteleza chini ya shinikizo kubwa sana, na kwa sababu hiyo hutiwa viungo vya salfa na fosforasi takriban mara mbili ya vile vya GL-4. Katika difu ya namna hiyo ni mafuta mazuri, na sina ugomvi nayo. Lakini giaboksi za magari ya zamani zina pete za sinkro, zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingiana, za shaba njano au za bronzi, na zote mbili sehemu yake kubwa ni shaba. Salfa na shaba hushikana upesi. Sisi wa Katanga tungepaswa kuwa watu wa mwisho kushangazwa na hilo, maana madini mengi ya shaba yaliyo chini ya ardhi yetu yamefungamana na salfa. Mafuta yakipata moto, salfa hiyo huanza kuila pete polepole.

Wako watakaosema kwamba GL-5 nyingi za siku hizi zimetiwa salfa iliyotulizwa, isiyoishambulia shaba kama zamani. Ni kweli, ila tatizo la pili linabaki. Pete ya sinkro hufanya kazi kwa kukwaruzana na koni ya gia mpaka mizunguko yao ilingane, na mafuta yanayoteleza kupita kiasi huizuia isishike. Ndipo gia ya pili inapoanza kulia unaposhuka kutoka ya tatu, na fundi asiyejua kilichomiminwa anapendekeza giaboksi ishushwe.

Uzito wa mafuta nao umo katika udanganyifu huu. Muuzaji anasifu uzito wa 140 kwa kuwa «inanyamazisha bwate», na kweli mafuta mazito huficha mlio wa beringi zilizochakaa, lakini hayaziponyi. Asubuhi za baridi za Juni na Julai utayajua kwa jinsi mkono wa gia unavyogoma. Wala mtu asitishwe na ukubwa wa namba: SAE ni kipimo cha uzito wa mafuta, na SAE 90 ya gia ina uzito unaokaribiana na SAE 40 au 50 ya injini, kwa kuwa ni mizani mbili tofauti.

Zaidi ya yote, hakuna bidoni moja inayofaa magari yote ya zamani, na anayesema ipo anadanganya hata kama karatasi yake ni halali. Coccinelle hutaka GL-4 ya SAE 90, na mafuta hayohayo hulainisha giaboksi na difu kwa pamoja. Peugeot 404 na 504 zilitengenezwa giaboksi zake zitumie mafuta ya injini, jambo ambalo vijana wengi wa gereji hawaliamini mpaka waonyeshwe kitabu cha gari. Difu ya 404 ina gurudumu la bronzi linaloendeshwa na skrubu, kwa hiyo huko GL-5 ni hatari zaidi. Mercedes W123 ya gia za mkono hutumia mafuta ya giaboksi otomatiki.

Kabla ya kulipa, kwaruza ukingo wa karatasi kwa ukucha, tazama kama muhuri wa kifuniko ni mzima na kama namba ya toleo imepigwa kwenye bidoni yenyewe. Bidoni iliyoandikwa GL-4/GL-5 kwa pamoja ihesabu kuwa GL-5. Mwenye mashaka anaweza kusugua kipande cha waya wa shaba mpaka king'ae, akakilaza kwa saa chache ndani ya mafuta yaliyopashwa moto kwa uangalifu: kikitoka cheusi, mafuta hayo yasikaribie sinkro. Kisipogeuka rangi, bado usiyaamini moja kwa moja, kwa sababu jaribio hili halipimi utelezi.

Aliyekwisha kuyamimina ayamwage gari likiwa na joto, kisha ayachunguze juani. Vumbi la rangi ya dhahabu ni pete zinazoisha, na sumaku ya kizibo cha kumwagia mafuta haitalikamata, kwa hiyo kizibo kisafi kisikutulize. Bidoni na karatasi ya malipo viwekwe, kwa kuwa malalamiko kwa OCC, ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa, bila kielelezo hayana uzito. Muuzaji huyu amewakatalia marejesho wote waliokwisha kuvunja muhuri. Mimi alinirudishia fedha kwa sababu tu kifuniko kilikuwa bado hakijaguswa.