Katriji ya AT-VM95E kwa santuri kuukuu za Tanga: inafaa, ila ufungaji ndio kazi

Santuri nyingi zilizosalia Tanga ni zile ndogo za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, taarabu ya Black Star na Lucky Star. Zilipigwa kwa sindano nzito zilizokwisha makali, halafu zikawekwa kabatini kwenye unyevu wa bahari. Zikikwaruza leo, mwenye nazo hukimbilia kubadili spika. Asubiri kwanza. Pesa ya mwanzo iende kwenye sindano, na kwa mfuko mdogo katriji (kifaa kidogo kinachobeba sindano) ya Audio-Technica AT-VM95E ni ya kununua, kwa masharti.

Sharti la kwanza ni mashine ya kupigia santuri yenyewe. Katriji hii hufungwa kwa skrubu mbili zilizoachana nusu inchi, na inataka mkono wenye uzito wa nyuma unaorekebishika. Vile vimashine vya begi haviipokei. Hata mashine ya AT-LP60X ya kampuni hiyohiyo haiipokei, maana katriji yake haitoki. Kwa LP60X hiyo nunua sindano mpya ya ATN3600L uishie hapo. Aliye na mashine ya AT-LP120X asitoe hata senti, kwani VM95E imo tangu kiwandani.

Kwenye mashine za mtumba kuna mtego unaowaumiza wengi. Mashine iliyotengenezewa Marekani hutumia volti 120 na hezi 60. Transfoma ya kushusha umeme inatibu volti tu, hezi zinabaki 50 zetu. Kama mota inafuata hezi za umeme, santuri ya 45 itazunguka mara 37.5 kwa dakika, na mwimbaji ataimba kama mtu aliyelewa. Muulize muuzaji kama ina puli ya hezi 50 au mota inayoendeshwa kwa kwatzi. Asipojua, izungushwe pale pale dukani kwa santuri unayoifahamu kabla hujatoa pesa.

Tuje kwenye ufungaji. Mwili wa katriji una matundu yenye nyuzi, kwa hiyo huhangaiki na nati ndogo zinazodondoka chini ya meza. Nyaya nne zina rangi zake: nyeupe ni chanya ya kushoto, bluu hasi ya kushoto, nyekundu chanya ya kulia, kijani hasi ya kulia. Ukigeuza jozi moja, mashine italia bila kelele yoyote ya ajabu, lakini besi itapotea na sauti ya mwimbaji haitajulikana inatokea wapi. Vichomekeo ni laini. Vishike kwa koleo ndogo, usivute waya. Kabla ya yote, sindano ivuliwe na kuwekwa pembeni.

Pembe ndiyo inayopuuzwa zaidi. Chapisha karatasi ya kipimapembe cha katriji kwenye duka la steshenari, na umwambie kijana asipunguze ukubwa: iwe asilimia 100, kisha ihakikishwe kwa rula. Alama mbili za kawaida ziko milimita 66 na 120.9 kutoka katikati ya sahani inayozungusha santuri. Sogeza katriji mbele au nyuma hadi ikae sambamba na mistari kwenye alama zote mbili, ndipo ukaze skrubu. Ikiwa sambamba kwenye moja tu, bado. Kosa hapa utalisikia kwenye wimbo wa mwisho wa santuri kubwa, "s" zote zikiwa zinachanika.

Uzito ni gramu 2.0; kiwanda kinaruhusu kuanzia 1.8 hadi 2.2. Wapo wanaoweka 1.5 wakidhani wanaihurumia santuri. Kinyume chake, sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfuo (ule mchirizi wa santuri inamopita sindano) na kuugonga kuta, na huo ndio uharibifu wenyewe. Ile tabia ya kubandika sarafu juu ya kichwa cha mkono nayo ifike mwisho. Mizani ya kidijitali ya sonara inapima vizuri, isipokuwa sahani yake ikiwa ya chuma kinachonaswa na sumaku: sumaku ya katriji itavutwa na namba itadanganya. Weka kipande cha plastiki kirefu kidogo ili sindano ipumzike mbali na chuma, na ujaribu kuiweka sindano kwenye kimo kilekile cha santuri. Kirekebishaji cha mvuto wa pembeni (anti-skating), kinachozuia mkono kuvutwa kuelekea katikati, nacho kiwekwe 2. Mashine ikae sawa kwa pimamaji, na spika zisikae meza moja nayo.

Ikishakaa hivyo, sauti yake ni ya kupendeza kwa bei ambayo kwa kawaida haifiki dola 100. Gitaa la solo linasikika peke yake bila kumezwa na besi, na besi yenyewe haivimbi. Ncha yake ya duaradufu hugusa kuta za mfuo mahali pembamba kuliko ncha ya duara, kwa hiyo kwenye santuri iliyoliwa mara nyingi huokota sehemu ambazo sindano za zamani hazikuzifikia. Kwa santuri za mono, bonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya kama kipo. Kelele nyingi hupungua papo hapo. Udhaifu wake uko kwenye mifuo ya ndani, karibu na katikati ya santuri, ambako hata ikifungwa vyema "s" huwa na ukali kidogo. Dawa ni sindano ya VM95ML, inayoingia kwenye mwili uleule bila kufungua skrubu, lakini bei yake inazidi ya katriji nzima. Kwa santuri zilizochoka, hatuoni haja ya kuiharakia.

Amplifaya nyingi za sasa hazina tundu la fono, lile la kuchomekea mashine ya santuri. Ukichomeka AUX moja kwa moja utapata sauti hafifu isiyo na besi, kwa sababu katriji hutoa milivolti 4 tu na santuri ilichongwa besi ikiwa imepunguzwa. Inahitajika priampu ya fono, kifaa kinachokuza sauti hiyo na kuirudishia besi. ART DJ Pre II ni ya bei nafuu na ina swichi ya kapasitansi (uwezo wa kushika chaji ya umeme) ya pikofaradi 100 na 200. Iache kwenye 100, kwa kuwa nyaya nazo zinaongeza zake na VM95E inataka jumla ya 100 hadi 200. Mashine ikiwa na priampu ndani, tumia moja tu. Mngurumo ukibaki, angalia waya wa ethi kutoka kwenye mashine: unafungwa kwenye skrubu ya priampu, sio kwenye soketi ya ukutani.

Ukungu uoshwe kabla ya sindano mpya kugusa santuri. Maji yaliyotoneshwa ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, ila soma lebo vizuri usije ukabeba asidi. Tone moja la sabuni ya vyombo kwa nusu lita, brashi laini kufuata mzunguko wa mfuo, kisha suuza kwa maji hayohayo bila sabuni. Lebo ya katikati isilowe.

Zile nzito za 78, za enzi ya Siti binti Saad aliyerekodi Bombay mwaka 1928, zina mfuo mpana na zinataka sindano ya VM95SP. Hii ya E itazama hadi chini na kukuletea kelele tupu. Nazo zisioshwe kwa spiriti kabisa, kwa kuwa shelaki, utomvu zilizotengenezwa nao, huyeyuka.