CBT-i Coach kwa mwenye ugonjwa wa akili: shajara nzuri, asilimia za kuangaliwa

CBT-i Coach ni programu ya simu ya bure, iliyotokana na wizara ya Marekani inayohudumia wanajeshi wastaafu. Inafuata tiba ya utambuzi na tabia kwa watu wanaokosa usingizi, na ilikusudiwa itumike pamoja na mtaalamu. Kwa mwenye sonona, baipola au skizofrenia, sharti hilo lisipuuzwe.

Ubora wake uko kwenye shajara. Kila asubuhi unajaza saa uliyopanda kitandani, muda uliopita kabla ya kusinzia, mara ulizozinduka na saa uliyoinuka. Kadiria tu. Anayetazama saa usiku kucha ili ajaze kwa usahihi hujizidishia kukesha. Muda uliolala hugawanywa kwa muda uliokaa kitandani: saa 6 za usingizi katika saa 9 za kitandani ni kama asilimia 67. Tiba hii basi hupunguza muda wa kitandani hadi ukaribie usingizi wenyewe, kwa hiyo anayeamka saa 12 asubuhi huenda akaambiwa asipande kitandani kabla ya saa 5 na nusu usiku. Wiki ikipita kwa wastani wa asilimia 85 au zaidi, huongezewa dakika 15 za kitandani.

Hatua hiyo ya kupunguza muda wa kitandani ndiyo ya kuogopwa kwenye baipola, kwa sababu kunyimwa usingizi kunaweza kuamsha mania, yaani kipindi cha msisimko na nguvu kupita kiasi. Salama ni kuanza kwa kuamka saa ileile kila siku, na muda wa kitandani usishuke chini ya saa 6 na nusu. Mwenye kifafa naye asipunguziwe bila daktari.

Tena asilimia yenyewe haijui ugonjwa. Aliyelala saa 3 na dakika 45 katika saa 4 za kitandani, akaamka na nguvu tele na mipango kibao, anapata 94. Kwa hesabu amelala vizuri mno, kumbe mania inaanza! Huyo awasiliane na kliniki yake siku hiyohiyo. Ndiyo maana idadi ya saa isomwe kwanza, asilimia baadaye.

Zana ya kuandika wasiwasi ni nzuri ikitumika jioni mapema, mbali na kitanda. Kanuni ya kuinuka usingizi usipokuja kwa kama dakika 20 humshinda mwenye sonona asipoandaa kabla kiti, shuka na taa hafifu. Anayetumia dawa zinazosinziza usiku aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, maana shinikizo la damu huweza kushuka anaposimama, akaanguka.

Saa za kumeza dawa ziandike pembeni na umwoneshe daktari, kwani baadhi, kama fluoxetine, huweza kumkesheza mtu zikimezwa usiku. Dawa za usingizi ulizotumia kwa muda mrefu usiziache ghafla. Na anayekoroma huku pumzi ikikatika, hasa aliyenenepa kwa dawa za saikosisi, apimwe kwanza njia ya hewa, shajara haitamtibu.