TAHADHARI: Begi la huduma ya kwanza "lisilopitisha maji" linalouzwa Tanga

Ndugu zangu wenye boti, waongoza wageni, walimu wa skauti na yeyote anayeingia baharini au kupanda msitu wa Amani: kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Tanga na Pangani. Anauza begi jekundu la huduma ya kwanza kwa shilingi 45,000, vifaa vikiwa ndani, na anaapa kwamba hata likizama haliingizi tone. Linaingiza. Na vilivyomo ndani ni balaa zaidi, nitafika huko. Jina silitaji kwa sababu kila grupu anakuja na jingine.

Nimelishika moja mkononi, la nahodha mwenzetu anayepeleka wageni kisiwa cha Maziwe, nje ya Pangani. Mnaopajua mnajua: mchanga mtupu katikati ya maji, bamvua likijaa hata huo mchanga huuoni. Hakuna duka wala zahanati, ulichobeba ndicho ulicho nacho. Kijana wa boti akakatwa na chaza unyayoni. Begi halikuwa limezama, lilikuwa limewekwa chini karibu na ngama (pale chini maji yanapokusanyika botini) likirukiwa na maji ya mawimbi tu. Kulifungua, pakiti za gozi (kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda) zimelowa zimeshikana, plasta hazinati, glavu zinaelea kwenye maji ya chumvi. Jeraha likafungwa kwa leso ya mama mmoja abiria. Na msidhani gozi ya namna hiyo unaweza kuianika ukairudisha: ikishalowa ndani ya karatasi yake, utakaso wake umekwisha.

Tulipoligeuza nje ndani ndipo tulipoona ujanja ulipo. Kitambaa ni nailoni iliyopakwa utando unaong'aa upande wa ndani, na hicho hakina ubaya, ukikimwagia maji yanateleza. Tatizo ni mishono. Imepigwa cherehani, na kila tundu la sindano ni njia ya maji. Begi la nailoni lililotengenezwa kwa nia njema hubandikwa utepe juu ya mshono kwa joto. Hili lina utepe ubavuni tu, ukiukwaruza kwa ukucha unabanduka wote, na kitako hakina kabisa. Tulilijaza maji tukalining'iniza. Matone yakajipanga kwenye mshono wa chini kama shanga kwenye uzi. Zipu yenyewe ni ile ile ya begi la shule, imefunikiwa kipande cha kitambaa isionekane.

Wengi wanaponzwa na ile video anayorusha, begi likizamishwa kwenye ndoo na karatasi ikitoka kavu. Itazameni tena taratibu. Begi la kwenye video halina mshono kitakoni, ni la turubai lililounganishwa kwa moto, na mdomo wake unakunjwa, hauna zipu. Si begi analowaletea. Hata hilo zuri lenyewe mdomo haukuzama, aliushikilia juu ya maji muda wote.

Halafu pale mbele limechapwa IP68. Hicho ni kipimo halali cha kuzuia vumbi na maji, kilitungwa kwa ajili ya makasha ya vifaa vya umeme. Tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. Penye 4 ni maji ya kurushiwa tu. Penye 7 chombo kinastahimili kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Penye 8 ni zaidi ya hapo, lakini kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji mwenyewe. Kwa hiyo IP68 isiyosema mita ngapi wala muda gani haikuambii kitu, na ikiwa imechapwa juu ya begi la zipu ya kawaida, huo ni wino tu.

Kuhusu vifaa: kwenye pakiti za bandeji na chupa ya iodini kuna stika ndogo nyeupe yenye tarehe ya kuisha muda. Ibandue. Chini yake kuna tarehe nyingine iliyokwishapita. Hapa biashara mbovu imeisha, huu ni uhalifu. Pia anadai mzigo umetoka Msalaba Mwekundu eti kwa kuwa begi lina msalaba mwekundu. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949, si pambo la kila mfanyabiashara. Alama ya kawaida ya huduma ya kwanza ni msalaba mweupe juu ya kijani.

Anayetaka begi la kweli atafute la turubai, viungo vimeyeyushwa vikashikana, mdomo wa kukunja. Ukunje mara tatu au zaidi ndipo ubane klipu. Mkunjo mmoja haufai kitu. Kabla ya kulipa lijaze hewa, likunje, ulikumbatie kwa nguvu karibu na sikio. Likipumua, liache. Ukiruhusiwa, tia gazeti kavu na jiwe, lizamishe kwenye karai mdomo ukiwa chini, unywe chai yako kwanza ndipo ulitoe. Hata zuri lisiachwe juani juu ya boti, maana dawa nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30, na turubai jeusi adhuhuri ya Tanga linapita hapo upesi. Kwa boti yenye nafasi, mimi naona kasha gumu la plastiki lenye oringi (pete ya mpira ya kuziba maji) kwenye mfuniko ni bora kuliko begi lolote, mradi oringi isiwe na mchanga. Na kwa asiye na hela, ndoo ya rangi iliyooshwa vizuri, yenye mfuniko wa kubana, vifaa vikiwa vimefungwa tena kwenye mifuko ya plastiki ndani yake, inalishinda hilo la 45,000 bila ubishi.

Muuzaji huyu hakubali kukutana. Anataka pesa yote kwanza kwa simu, mzigo anautuma kwa bodaboda asiyejua chochote, risiti hakuna. Ukilalamika anasema umelifunga vibaya, ukisisitiza anakublok. Tanga waja leo waondoka leo, lakini huyu hata kuja sidhani kama amewahi kuja.

Mliokwisha kununua msitupe begi wala pakiti zenye stika. Hifadhini ujumbe wa muamala, picha za tangazo na ile video kabla hajaifuta. Suala la dawa na vifaa tiba vilivyobadilishwa tarehe lipelekwe Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), la bidhaa yenye madai ya uongo lipelekwe Tume ya Ushindani (FCC), na namba ya simu iliyopokea pesa iripotiwe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, pamoja na polisi. Akikwambia umrudishie begi kwanza ndipo akurudishie hela, usimpe: begi hilo ndilo ushahidi wako.