Mkopo mzuri, tawi la hovyo: uzoefu wangu wa kutafuta mkopo wa udaktari Ontario

Naanza na nyota nisiwachoshe: mkopo wenyewe nyota nne, tawi nyota sifuri. Jina la benki silitaji. Ni moja ya zile kubwa za Kanada, na kwa niliyoyasikia kwa wenzangu darasani, ofisa wa aina ile unaweza kumkuta kwenye tawi la benki yoyote kati yao.

Kwa wasiojua, mambo yako hivi. Ukidahiliwa kusomea udaktari Kanada, na wewe ni raia au mkazi wa kudumu, benki zinakugombania. Zinakutengea fungu, mara nyingi zaidi ya dola 250,000 kwa masomo yote, unachota unapohitaji, na riba unalipa kwa ulichochota tu. Na mdhamini kwa kawaida hawadai. Narudia hapo kwa sababu ndipo ugomvi ulipoanzia: kwa mwanafunzi wa udaktari, mdhamini kwa kawaida hadaiwi. Barua ya udahili, kitambulisho, rekodi ya madeni isiyo na doa, basi. Mengine, kadi za bure na zawadi za kufungulia akaunti, mtayasoma kwenye tovuti zao. Kila msimu wana mapya.

Si kwamba wanatupenda. Daktari atakuja kununua nyumba, atafungua kliniki, atahitaji mkopo wa vifaa, na benki inataka awe wake kabla hajajua hata kuvaa stetoskopu. Hilo sina kinyongo nalo, biashara ni biashara. Kinyongo changu kina kiti, kina meza, na kina kalamu.

Hapa jimbo la Ontario barua za udahili wa udaktari hutoka Mei, vyuo vyote siku moja, na ukishaipata unapewa muda mfupi wa kukubali na kulipa amana ya kushikilia nafasi. Furaha yote ile, na chini yake hesabu: ada ya mwaka mmoja inapita dola 20,000, bado pango, bado usafiri, bado chakula. Mama akasema twende benki yake. Mshahara wake unaingia pale tangu tulipofika kutoka Tanga, mimi nikiwa bado wa sekondari. Tukaenda asubuhi, tawi la Scarborough, upande wa mashariki wa Toronto, akiwa ametoka zamu ya usiku. Mama anahudumia wazee kwenye makao ya wazee. Alikuwa bado na sare yake, koti juu, na mkoba umejaa karatasi, maana Mama haendi ofisini mikono mitupu. Hata cheti changu cha chanjo alikibeba.

Ofisa alikuwa kijana wa makamo yangu, pengine amenizidi miaka miwili mitatu. Nikamwambia nimedahiliwa, nataka ule mkopo wa wanafunzi wa udaktari. Akaniomba barua. Nikampa. Akaisoma, akaigeuza nyuma, kisha akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha kama mwenye duka Kariakoo aliyepewa noti asiyoiamini. Akaniuliza, "Hii umepewa na chuo chenyewe?" Nikamjibu ndiyo. Akaniuliza kama najua udaktari unachukua miaka mingapi. Mimi! Niliyekesha na mitihani ya kuingilia, na insha, na usaili, leo naulizwa na mtu wa benki kama najua shule yenyewe ni ya miaka mingapi.

Nikavumilia. Akageuza kompyuta yake kidogo, akabonyezabonyeza, akasema, "Utahitaji mdhamini. Mzazi mwenye kipato kinachoeleweka." Nikamwambia kwa mkopo huu mdhamini hahitajiki, nimesoma kwenye tovuti yenu. Akatabasamu. Tabasamu lile mnalijua nyie mliokaa nchi za watu: halina ubaya wowote unaoweza kuushitakia. Akasema tovuti ni matangazo tu, yeye anaona mfumo wenyewe. Halafu akamtazama Mama, akaniuliza mimi, "Huyu anaelewa Kiingereza?"

Mama anaongea Kiingereza kutwa nzima na wazee wa Kizungu, wengine viziwi, na wanaelewana. Hakumjibu. Alifungua mkoba akatoa hati zake za mshahara, zimepangwa kwa tarehe na kubanwa na kibanio cha nywele, akaziweka mezani. Kijana hakuzishika. Alizipekua kwa kitako cha kalamu, karatasi moja baada ya nyingine, akafika ya mwisho, kisha akazisukuma kurudi kwa Mama kwa kalamu ileile. "Haitoshi," akasema.

Nimeandika na kufuta aya hii mara nyingi. Kila nikijaribu kueleza nilivyojisikia, nakuta kalamu ile inatosha. Mama anawainua wazee kitandani usiku kucha, anawaosha, anawageuza wasipate vidonda vya mgongo. Karatasi zake hazikuwa na ugonjwa.

Mama akanigeukia: "Mwanangu, mshahara wangu unaingia hapahapa kila baada ya wiki mbili. Si wao wanaouona? Sasa haitoshi nini?" Nikamwambia tuondoke. Akasema, "Subiri, mwache mwenzio amalize kazi yake." Ndiyo malezi yetu hayo, na siku ile yalinichoma kuliko yule kijana.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe, maana ukiacha dharau, hili ndilo lililotugharimu. Yule bwana alijaza ombi langu kwenye mkopo wa kawaida wa mwanafunzi yeyote, ule wenye kiwango kidogo, riba ya juu, na ndio, wenye kuhitaji mdhamini. Wa udaktari hakuugusa kabisa. Nilimwonyesha jina la mkopo kwenye simu yangu, akasema ni uleule. Akapeleka ombi, rekodi yangu ya madeni ikachunguzwa, na jioni ujumbe ukaingia: ombi halikufanikiwa. Uchunguzi wa namna hiyo huacha alama kwenye rekodi na unaweza kukushusha kidogo pointi ambazo benki hukupimia kama unakopesheka, na kijana wa chuo mwenye kadi moja tu ya mkopo hana pointi za kuchezea. Nimekataliwa mkopo ambao sikuuomba. Tarehe ya kulipa amana inasogea. Mama keshaanza kupiga hesabu ya upatu wa kina mama wa Tanga, zamu yake aisogeze mbele.

Kuna wakati niliwaza, bora nyumbani. Bodi ya Mikopo ya Tanzania inakusumbua kwa fomu, mihuri na sahihi ya mdhamini, na ukianza kazi inakukata asilimia 15 ya mshahara, lakini inamsumbua kila mtu sawasawa. Wanafunzi wote wanasubiri bumu, fedha zao za kujikimu, pamoja na wote wanalalamika pamoja. Pale Scarborough nilikuwa nasumbuliwa peke yangu.

Aliyeniokoa ni dada mmoja wa mwaka wa pili, Mghana, tuliyekutanishwa na chuo. Alicheka nilipomweleza. "Ulikwenda tawini? Kwenye tawi la kawaida? Usiende tena." Kumbe benki hizi zina maofisa wao maalumu wa wanafunzi wa udaktari, meno na famasia, na mji mzima unaweza kuwa nao wachache tu. Majina yao hupita mkono kwa mkono kati ya wanafunzi. Tovuti inakuambia tembelea tawi lolote lililo karibu nawe. Uongo mtupu! Tawi lolote ndilo lile lililotazama barua yangu kwenye mwanga.

Akanipa jina la mmoja wao, nikampigia. Benki ileile, tafadhali zingatieni, ileile. Mama wa makamo, kwa sauti ni mtu wa Karibiani. Nikaanza kujieleza kwa hofu, akanikatiza: "Umedahiliwa wapi?" Nikamtajia. "Hongera sana, mwanangu. Mama yako lazima anatembea kifua mbele." Nikashindwa kuongea. Alikuwa mtu wa kwanza kwenye benki ile kunipa hongera. Barua nikaituma kwa barua pepe, hakuuliza habari za mdhamini, hakuuliza kipato cha mtu. Siku hiyohiyo akaniambia imepita, na kabla ya wiki kuisha nilikuwa natia sahihi. Alama ya lile ombi bovu aliiona kwenye rekodi, akaguna, akasema, "Mtu wetu huyu tena." Tena! Kwa hiyo wanamjua.

Basi kwa siku kadhaa nilikuwa mtu wa sifa tu. Nilimsifia yule mama kwa kila mtu. Nyota tano, nikasema, nyota sita. Na kweli mkopo una mazuri yake. Wakati wa masomo unadaiwa riba peke yake, na wengi wetu tunailipa kwa kuchota kwenye mkopo huohuo. Ukimaliza chuo ukaingia kwenye mafunzo ya ubingwa, ambako unalipwa mshahara, bado hawakukabi shingo. Na hata ukimaliza hayo kuna muda wa kupumua, mwaka mmoja au miwili kutegemea benki, kabla ya kuanza kurudisha mtaji.

Lakini kuna jambo moja la riba linaniwasha. Riba yenyewe inapanda na kushuka na riba ya msingi ya benki, ile ambayo benki huanzia kupangia riba za mikopo yake. Waliotutangulia walianza mwaka 2020 ikiwa 2.45%. Sisi tulitia sahihi ikiwa 7.20%, ilipokwama tangu Julai 2023. Wanakupunguzia robo asilimia na kuipigia tarumbeta. Sawa, ni 6.95%. Chota dola 30,000 za ada na pango, riba peke yake inapita dola 170 kila mwezi, na hapo hujaingia hata maabara ya anatomia. Ilikuja ikashuka, mwishoni mwa 2025 riba ya msingi ilikuwa 4.45%, lakini hakuna aliyekuahidi kuwa itabaki huko. Kwa hiyo kabla ya benki anza na OSAP, mkopo wa serikali wa Ontario. Ndani yake kuna ruzuku isiyorudishwa kwa familia za kipato chetu, na sehemu ya serikali kuu haina riba tangu Aprili 1, 2023. Yule bwana wa kalamu hakulitaja hilo. Yule mama wa simu, nikisema ukweli, naye hakulitaja.

Na katika karatasi zake kulikuwa na bima ya deni, imewekwa katikati ya kurasa kwa upole, ukitia sahihi haraka inakupita. Nilipouliza akasema si lazima, "wengi huipenda tu." Si lazima kweli, na sheria ya Kanada hairuhusu benki kukulazimisha ununue kitu kingine ndipo upewe mkopo. Nikaikataa. Lakini hapo ndipo nyota ya sita ilipodondoka, na ya tano ikaifuata.

Malalamiko niliandika. Sikuandika kwa hasira, niliandika kwa adabu ambayo Mama angeikubali, nikaeleza kalamu, barua, ombi lililojazwa kusiko. Benki ina siku 56 za kushughulikia lalamiko. Zikipita, au jibu lisipokuridhisha, unaweza kwenda OBSI, chombo huru ambacho tangu Novemba 2024 ndicho pekee kinachosikiliza kesi za namna hii za benki zote. Jibu lilikuja kabla ya muda huo kwisha. Walisikitika kwamba "nilijisikia" sikuhudumiwa vizuri. Nilijisikia! Kuhusu Mama hakuna neno hata moja. Wakaweka dola hamsini kwenye akaunti yangu. Nilitaka kuzirudisha. Mama akasema, "Zirudishe kwa nani? Nunua mchele."

OBSI sikwenda; mitihani ilikuwa imeshanizonga. Bado naiwaza.

Sasa mnaoniuliza kwenye simu kama mtoto wenu achukue mkopo huu: kama ni mkazi wa kudumu au raia, na OSAP haikumtosha, achukue. Asikanyage tawi. Aulize wanafunzi wa mwaka wa pili jina la ofisa, apige simu, na kabla hajataja hata jina lake aulize: "Wewe ndiye unayeshughulikia wanafunzi wa udaktari?" Wakisita, akate. Na asiruhusu rekodi yake iguswe kabla jina la mkopo wenyewe halijaandikwa kwenye barua pepe. Walio na viza ya masomo tu, milango hii kwa kawaida haiwafungukii, na vyuo vingi vya udaktari huku haviwachukui pia, kwa hiyo msidanganywe na madalali.

Mama kahamishia mshahara wake benki nyingine. Mimi deni langu liko palepale, na ukinibana nitasema ni mkopo mzuri, nyota nne kama nilivyoanza. Au nilikuwa nataka kusema hivyo. Wiki hii imekuja barua nyumbani, yenye jina la Mama, kutoka tawi lile la Scarborough: kama mzazi wa daktari mtarajiwa, wanamkaribisha aje "kuzungumzia malengo yake ya kifedha" na ofisa wao. Chini kuna jina la ofisa na sahihi yake, ya kalamu. Ni yuleyule. Nyota mbili.