Wiki sita za tuisheni ya aljebra Dodoma: nilichopata na nilichokosa

Nimemaliza kidato cha sita, kombi ya PCM, na Oktoba nafanya TMUA, ule mtihani wa hisabati ambao vyuo vikuu vya Uingereza kama Cambridge, Imperial na Warwick vinautumia kuchuja waombaji. Nikajiunga na kituo kimoja cha tuisheni huku Area C, shilingi 150,000 kwa wiki sita, aljebra tupu.

Aljebra yenyewe nilikuwa naijua. Kilichoniharibu ni kikokotoo (hiki cha kubonyeza, siyo kile cha mafao ya wastaafu). Mtihani wa Taifa unaingia nacho. TMUA huingii nacho, na hata karatasi ya fomula hupewi. Karatasi ni mbili, kila moja maswali 20 ya kuchagua ndani ya dakika 75. Yaani dakika tatu na sekunde 45 kwa swali, na mimi nilikuwa nabonyeza hata 17 mara 6.

Mwalimu ni mzee mstaafu, mpole, chaki mpaka kwenye kola. Siku ya kwanza akaandika ubaoni x² > 3x, akaniita. Nikagawa pande zote kwa x, nikapata x > 3, nikarudi kukaa kifua mbele. Akaniangalia: "Kijana, unagawa kwa mtu usiyemjua?" Darasa likacheka. Kweli, x ikiwa hasi alama inageuka. Jaribu −1: kushoto unapata 1, kulia −3, na sharti limetimia. Kumbe x < 0 nayo ni jibu. Siku hizi nahamishia kila kitu upande mmoja kwanza, ndipo natafuta vigawo.

Wiki ya tatu akaleta hili: kx² + 4x + k iwe chanya kwa kila x, tafuta k. Wengi wetu tulikimbilia diskriminanti (b² − 4ac; ikiwa hasi, mchoro haugusi mhimili wa x), 16 − 4k² < 0, tukazungushia "k > 2 au k < −2". Jibu hilo lilikuwepo kati ya machaguo, limekaa linatusubiri. Lakini k ikiwa hasi mchoro unaangalia chini, kwa hiyo inabaki k > 2 peke yake. Kwa mazoezi ya namna hii hela yangu siijutii.

Sasa kero. Makaratasi ya mazoezi yalichapwa ovyo, vipeo vimeshuka vikawa tarakimu za kawaida. x³ imeandikwa x3, nusu ya darasa tukaisoma x mara tatu, kipindi kizima kikaishia kubishana. Bati nalo saa nane mchana, tuyaache.

Kubwa zaidi: karatasi ya pili ya TMUA inapima hoja, "ikiwa hivi basi vile", na kama kinyume chake nacho ni kweli. Kituo hakikuigusa kabisa. Nilipouliza ofisini nikaambiwa itakuja wiki ya tano. Wiki ya tano na ya sita tukarudia logi na milinganyo sambamba, vitu vya kidato cha nne. Sehemu hiyo nimejisomea mwenyewe kwa mitihani ya miaka iliyopita, ipo bure mtandaoni. Bando tu na steshenari ya kuprinti.

Ukitaka kwenda, mwulizie yule mzee kama bado yupo, na omba ulipie wiki nne za mwanzo. Mimi waliniambia haiwezekani, ila mwenzangu alikomaa nao wakamkubalia.