Ratiba ya Laravel kwa kazi zinazojirudia: uzoefu wangu hapa Mwanza

Mimi nina mfumo wa wafanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Saa kumi na moja alfajiri kila mteja awe na meseji ya bei na mzigo ulioingia kutoka visiwani, usiku hesabu zifungwe, Jumatatu wenye madeni wakumbushwe. Zote nimeziweka kwenye ratiba ya Laravel (mfumo wa kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya PHP) na kwa kweli naipenda. Ukitumia cron tupu (kipanga kazi cha seva yenyewe) kila kazi inakuwa na mstari wake kule kwenye seva, ukihama seva unaanza kuzisaka moja moja na kwenye Git, panapotunzwa msimbo wa programu, hazipo. Kwa Laravel cron ni mstari mmoja tu, unaita amri ya php artisan schedule:run kila dakika, mengine yote yanakaa ndani ya msimbo, na toka toleo la 11 unayaandika kwenye routes/console.php basi.

Iliyonikosha zaidi ni when(), inayoifanya kazi iendeshwe pale tu sharti lako likitimia. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi inapumzika, sasa meseji ya mzigo ya nini? Nimeiwekea sharti iangalie kama kuna mzigo uliosajiliwa tangu jioni, kama hakuna haitumi kitu, na hela ya meseji haipotei bure.

Ila kuweni makini na majira ya saa, Laravel inakuja na UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma ya yetu kwa saa tatu), ukiandika dailyAt('05:00') hivihivi meseji itatoka saa mbili asubuhi na mnunuzi wa jumla keshamaliza kazi yake. Ongeza timezone('Africa/Dar_es_Salaam').

Halafu withoutOverlapping(), hii inazuia kazi isianze tena wakati ile ya mwanzo haijaisha, bila hiyo mteja anaweza kupata meseji mbilimbili. Tatizo kufuli lake, yaani alama kwamba kazi bado inaendelea, linakaa mpaka saa 24, kwa hiyo seva ikizima ghafla katikati ya kazi, kesho yake kazi inaweza kurukwa kimyakimya na hakuna atakayekwambia. Weka dakika mwenyewe, mimi naandika withoutOverlapping(10), na ukiona imekwama piga amri ya php artisan schedule:clear-cache kufuta kufuli.

Kinachonikera ni kimoja, seva ikiwa imezimwa muda wa kazi ukapita, ikiwaka hairudii iliyopita. Kwa meseji za bei sijali sana, bei ya jana haina maana, lakini kufunga hesabu nimeiandika ianze kwa kutafuta siku ambayo haijafungwa.