Dambeli za kufunga kwa nati, seti ya kilo 20: uzoefu wangu wa miezi saba

Nimezitumia mara tatu kwa wiki, nyumbani, bila benchi. Mipini ni imara, sahani (vile vizito vya duara vinavyovishwa kwenye mpini) ni za kuvumilia, na kwa mazoezi ya miguu zinaisha uzito mapema kuliko utakavyotarajia.

Ndani ya boksi kuna mipini miwili ya chuma yenye unene wa milimita 25, nati nne, na sahani 12 za plastiki zilizojazwa saruji: nne za kilo 2.5, nne za kilo 1.25 na nne za nusu kilo. Mpini na nati zake mbili ni kilo moja na nusu. Jumla inafika 20 kweli, lakini hizo 20 ni za dambeli zote mbili, kwa hiyo kila mkono unapata kilo 10 tu. Wengi hujikwaa hapo wakisoma maandishi ya nje. Ukibadilisha sahani unapata kilo 2.5, 4, 5, 6.5, 7.5, 9 na 10, na kwa mtu anayeanza hizo ni ngazi za kutosha kwa kazi ya mabega, mikono na mgongo.

Zipime kabla ya kuanza. Mizani ya jikoni inatosha. Kati ya sahani zangu nne zilizoandikwa 2.5, mbili zilikuwa 2.3. Hizo mbili pungufu ziweke pamoja kwenye dambeli moja, moja kila upande. Tofauti ya gramu 400 kati ya mkono wa kulia na wa kushoto utaimaliza kwa kubadilishana dambeli kila seti, yaani kila awamu ya marudio kabla ya kupumzika. Ncha moja ikiwa nzito kuliko nyenzake, dambeli inainamia upande mmoja ukiwa umeiinua juu ya kichwa na kifundo cha mkono ndicho kinacholipa.

Sasa nati, maana hapa ndipo seti za bei ndogo zinapojulikana. Tundu la sahani ni pana kuliko mpini kwa milimita mbili tatu, kwa hiyo sahani inacheza. Ukikunja mkono au ukivuta dambeli kuelekea kiunoni, sahani inazunguka kidogo, inaisugua nati, na nati inalegea yenyewe. Baada ya marudio 12 ya kuvuta, nati ya upande mmoja inaweza kuwa imerudi nusu mzunguko. Dawa ni mpira. Zangu zilikuja na washa nyembamba za mpira na mbili zikakatika ndani ya mwezi wa pili. Kipande cha tyubu ya baiskeli kilichokatwa mduara kinafanya kazi vizuri kuliko zile za mwanzo. Kaza nati mpaka mwisho kwa mkono, kisha shika sahani kwa mkono mwingine na uiongeze nati robo mzunguko. Iguse tena kabla ya kila seti, hasa ukiwa umelala chali na uzito uko juu ya uso.

Kuna wanaopaka mafuta kwenye thredi, ile mistari ya mpini inayoshika nati, kuzuia kutu. Usifanye hivyo. Nati yenye mafuta inateleza. Futa jasho kwa kitambaa kikavu, na kutu ikianza isugue kwa mswaki wa zamani.

Sahani za saruji zina maradhi mawili. La kwanza ni kupasuka kwenye mshono wa plastiki: ukiiangusha kutoka usawa wa goti kwenye sakafu ya vigae, unga wa saruji unaanza kuvuja. Zungushia tepu pana siku ileile, na utandike zulia kuukuu lililokunjwa mara mbili. La pili ni unene. Saruji ni nyepesi kuliko chuma kwa zaidi ya mara tatu, kwa hiyo sahani inakula nafasi kubwa ya mpini. Ukizikusanya sahani kwenye mpini mmoja, kila upande zinaingia mbili za kilo 2.5 na moja ya 1.25, basi. Dambeli hiyo moja inakomea kilo 14.

Nilivyozipangia kazi: kusukuma juu ya kichwa, kuvuta kwa mkono mmoja huku mwingine umeegemea kiti, dedilifti (kuinama na kunyanyuka na uzito mikononi) ya magoti yaliyolegezwa kidogo, skwati (kuchuchumaa na kuinuka) ukiwa umeikumbatia dambeli kifuani, na pushapu, ambazo hazihitaji kifaa. Seti tatu kila zoezi. Anza na uzito unaoufikisha marudio 8 bila kupinda mgongo. Ukiweza 12 katika seti zote tatu, panda ngazi moja. Kutoka 7.5 kwenda 9 ni ongezeko la asilimia 20, na kwa bega ni kubwa mno. Hapo baki kwenye 7.5, fika marudio 15, na ushushe kwa sekunde tatu badala ya kuuachia uzito udondoke wenyewe.

Miguu ndiyo malalamiko yangu makubwa. Skwati ya kilo 14 inakuwa nyepesi ndani ya wiki chache. Skwati ya mguu mmoja, mguu wa nyuma ukiwa juu ya kiti, inarudisha ugumu kwa sababu mguu wa mbele unabeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili. Begi la mgongoni lenye chupa za maji nalo linasaidia, lita moja ni kilo moja, ila zijaze mpaka shingoni. Maji ya nusu chupa yanapiga mawimbi na kukuyumbisha.

Baadaye niliongeza sahani mbili za chuma za kilo 5, na huo ndio ununuzi ningeufanya mapema. Mpini uleule sasa unafika kilo 21.5, ukipanga ya chuma ndani na mbili za kilo 2.5 nje, kila upande. Kabla ya kulipa pima unene wa mpini: sahani ya mpini wa milimita 25 haiingii kwenye wa 28, na ya 30 ukiilazimisha kwenye wa 25 itakugongea kama kengele kila unapoinua.